Bahasha za Ukingo Mweusi

Februari 2009 nilikuwa namtunza bibi mmoja wa miaka 91 huko Shropshire, upande wa Uingereza unaopakana na Wales. Nyumba yake ya matofali mekundu ilijengwa mashambani enzi za Malkia Victoria, na nadhani joto la mwisho lilitoka humo pamoja na malkia mwenyewe. Ukutani kwenye ukumbi wa jikoni zilining'inia kengele saba zilizofungwa nyaya, kila moja na chumba chake, ili mtu akivuta kamba sebuleni mtumishi wa huku nyuma ajue wapi anaitwa. Bibi alikuwa na kengele yake ya betri. Hakuitumia hata siku moja; akitaka chai alipiga kelele.

"Bibi" ndivyo nilivyomwita, kwa Kiswahili. Aliniuliza maana yake, nikamweleza, akasema nisibadilishe.

Wiki hiyo theluji ilifunga barabara. Mwenzangu wa zamu hakufika, na televisheni ilikwishamchosha Bibi. Akaniagiza nishushe sanduku la bati lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na barua ambazo bibi yake mzaa baba aliandikiwa na dada yake, baada ya kuolewa na kuletwa kwenye nyumba hii. Macho ya Bibi hayakuona tena maandishi, kwa hiyo msomaji nikawa mimi.

Ya kwanza, ya mwaka 1874, ilinishinda. Nilidhani karatasi imelowana wino ukachanganyika. Bibi akacheka: "Igeuze." Kumbe dada mtu aliujaza ukurasa, kisha akaulaza ubavu na kuandika tena juu ya mistari ileile, maneno yakikatana kama nyuzi za mkeka. Zamani posta yao ilitoza kwa idadi ya karatasi na umbali, na mara nyingi mlipaji alikuwa mpokeaji, hivyo kumwandikia mtu karatasi mbili ilikuwa kumtia hasara. Stempu ya peni moja ilikuja mwaka 1840, nauli ikawa kwa uzito, lakini wapo walioendelea na mtindo wao. Nikamkumbuka mama yangu, ambaye mpaka leo hupiga simu akisema haraka haraka kana kwamba salio linakwisha, hata mpigaji nikiwa mimi.

Nikazoea. Unayafuatisha macho yako mstari mmoja na kuyakataza wa pili.

Na humo ndani, jamani, mlikuwa na umbea! Jumanne wamepita wageni saba. Mke wa daktari kakaa dakika 12, kahesabiwa kwenye saa ya ukutani, na kofia hakuvua. (Bibi akanieleza kwamba ndiyo adabu yenyewe: unaketi robo saa hivi, unazungumzia hali ya hewa, unaondoka na kofia yako kichwani. Na ziara hizo ziliitwa za asubuhi, ilhali watu walikwenda saa tisa alasiri. Tukisema sisi saa zetu zimepinduka, tusicheke peke yetu.) Kasisi msaidizi kala vipande vitatu vya keki ya kisibiti, na hicho cha tatu hakukaribishwa. Shangazi mmoja alikuja siku wenyewe hawataki mgeni, mtumishi akamwambia hawapo. Haikuwa tusi, "hawapo" maana yake ilijulikana. Shangazi akaacha kadi ya jina lake kwenye sinia, kaikunja pembe kuonyesha kwamba kaileta mwenyewe, hakutuma mtu. "Na hakika," kaandika dada mtu, "aliniona dirishani."

Hapo nilicheka mpaka Bibi akataka nirudie. Kwetu Ngamiani, Tanga, ukisema hupo na pazia limetikisika, habari itakutangulia sokoni.

Chini ya hizo kulikuwa na fungu lililofungwa utepe. Bahasha zenye ukingo mweusi. Nilikuwa nataka kuvuta barua, Bibi akanishika mkono.

"Zipange kwanza."

Nikazipanga juu ya blanketi lake kwa tarehe. Ya kwanza ukingo ulikuwa mpana kama kidole. Iliyofuata, mwembamba kidogo. Ya mwisho ulibaki kama uzi. Mtoto wa kiume wa yule dada alikufa kwa homa ya vipele vyekundu, na kadiri miezi ilivyokwenda ukingo ulipungua. Wakati huo mjane alivaa nyeusi miaka miwili hivi. Malkia wao aliitia mwilini mumewe Albert alipofariki, Desemba 1861, hakuivua mpaka naye alipokufa mwaka 1901. Nilimwambia Bibi kwetu eda ni miezi minne na siku kumi. Akasema hizo hesabu ni za watu wenye akili.

"Unaona," akasema, "tarishi akiwa bado mlangoni, bibi yangu alishajua. Alikuwa na muda wa kuketi kabla hajafungua. Kwenu mnaambiana vipi?"

Nikamwambia hatuambiani.

Baba yangu alifariki Juni 2008, siku ya Ijumaa, akazikwa alasiri ileile. Jioni kaka alinipigia: Mzee hajisikii vizuri, mwombee dua. Nikaomba. Jumamosi, kwa kuwa kipupwe kilikuwa kikimsumbua kifua, nilinunua sweta la sufu la rangi ya kijivu, nikalituma kwa posta kwa pauni 14. Jumatatu mlango ukabishwa. Alikuwa mjomba, anayekaa London, mtu asiyekuja bila kupiga simu, tena kapanda treni. Nyuma yake mkewe kashika chupa ya chai na mfuko wa mandazi, na juu ya koti kajifunga kanga. Kanga, Uingereza, kwenye treni. Hakuna aliyefungua mdomo. Niliketi pale pale ngazini.

Bibi hakusema pole. Aliniuliza sweta lilifika?

Sikujua. Miezi minane, na nilikuwa sijauliza. Nilimnunia kaka kwa lile "hajisikii vizuri", tukawa tunaongea ya ada ya shule na bati la jikoni tu.

Usiku, Bibi alipolala, nilikwangua kadi ya simu nikampigia. Huko ilikuwa imepita saa saba usiku, akapokea kwa hofu, akidhani nina msiba. Nikamwambia sina. Nikamuuliza.

Akakaa kimya kidogo.

"Mdogo wangu, ungekuwa peke yako huko chumbani. Ningekwambia, nani angekushika?"

"Nakuuliza sweta, kaka."

"Mama analo. Analivaa alfajiri akitia udhu. Usimwambie nimekwambia, alisema utalia."