Basi ni utu

Bosi, mbwa wetu aliyeunguzwa na jirani, yu hai. Ngozi ya mgongoni imebambuka upana wa kiganja, ila anakula, na daktari wa mifugo anasema manyoya yataota tena. Asanteni mlioulizia.

Kilichoninyima usingizi ni maneno ya binti yangu Nekesa. Jumapili usiku nilikuwa nampaka Bosi dawa, yeye amenishikia tochi. Nikasema, "Huu ni unyama."

"Unyama si ni wa wanyama, Mama?"

"Ndiyo."

"Na aliyemmwagia mafuta ya chapati ni mtu."

"Ndiyo."

"Basi ni utu."

Nikamwambia ashike tochi vizuri. Mtoto wa miaka minane, na jibu langu likawa ni tochi.

Jumatano barua ya kupandishwa cheo ilifika, Alhamisi mama mkwe akaruhusiwa kutoka wodini, na kote huko nilikuwa nasikia: basi ni utu.

Baba Nekesa, ambaye hupeleka wageni mbugani pale Ziwa Nakuru, alijaribu kunituliza. Simba dume wageni wakitwaa kundi huua watoto waliowakuta, ili mama zao wapate joto upesi na kuwazalia wao. Lakini simba ana faida yake pale. Jirani yetu alipata nini? Mbwa alikuwa amelala tu mlangoni.

Wanaonitatiza ni sokwe wa Gombe, kule Kigoma. Kati ya 1974 na 1978, kundi la sokwe la Kasakela liliwavizia madume wa kundi jirani la Kahama, mmoja mmoja, likawapiga na kuwang'ata hadi kufa. Walikuwa wameishi kundi moja kabla ya kugawanyika. Jane Goodall, mtafiti aliyewachunguza hapo kwa miaka mingi, alikuwa akiamini sokwe ni wapole kuliko sisi. Na ni sokwe hao hao wanaomkumbatia mwenzao aliyetoka kupigwa. Anayejua kubembeleza anajua panapouma. Hapo ndipo ninapoogopa, maana mimi pia najua.

Kimilili, nikiwa na umri wa Nekesa, tulikuwa tukiwafunga mbawakawa uzi mguuni warukeruke. Siku moja kaka akasema tuwang'oe mabawa, tuone ni yupi atazunguka chini muda mrefu zaidi. Niling'oa. Nilijua wanaumia, niliona miguu ikitapatapa, na nilicheka hadi machozi. Hakuna aliyenilazimisha.

Leo asubuhi nimekutana ngazini na mama wa namba sita, yule jirani mwenye mafuta. Juma zima nilikuwa nimemwandalia maneno. Nimemsalimia, nikapita. Bado nina hasira naye, sijamsamehe, ila yale maneno yalikuwa ya mtu asiyewahi kung'oa bawa. Nekesa sijamwambia habari za mbawakawa. Nitamwambia, nadhani, Bosi akipona.

Mvua imeanza tena usiku huu. Fundi niliyemtumia pesa za mabati ya jiko la Mama kule Kimilili hapokei simu tangu Ijumaa, na Mama naye akiulizwa anasema tu, "Hakuvuji sana."