Seva ya Minecraft kwenye Linux: jinsi nilivyoondoa kugandaganda

Malalamiko yalikuwa yale yale kila wachezaji walipojaa: mtu anavunja jiwe, linatoweka, kisha linarudi palepale. Karibu kila niliyemuuliza alinipa ushauri mmoja, ongeza RAM. Mashine ilikuwa na prosesa ya viini vinane (sehemu zinazofanya kazi sambamba) na GB 16 za RAM, inaendesha Debian, na kwa ujumla prosesa haikuwa imetumika hata robo. Kwa hiyo sikununua kitu. Nilitaka kwanza nijue muda unapotelea wapi.

Ukitaka kuielewa seva hii, anza na tiki. Minecraft ya Java hupiga tiki 20 kwa sekunde, maana yake kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kila kitu: wanyama watembee, maji yatiririke, mazao yakue, pakiti za wachezaji zishughulikiwe. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na uzi (thread) mmoja tu, yaani mfululizo mmoja wa kazi unaotumia kiini kimoja kwa wakati. Viini saba vinaweza kukaa bure huku seva imeelemewa, ndiyo maana asilimia ya jumla ya prosesa haisemi lolote la maana. Fungua `top`, bonyeza H, uone kila uzi peke yake. Pale juu nilimkuta mhusika, uzi uitwao `Server thread`, akihangaika peke yake.

Wastani nao unaficha mengi. Natumia Paper, toleo la seva ya Minecraft lililoboreshwa, na amri yake ya `/tps` (tiki kwa sekunde) ilikuwa ikinionyesha karibu 20 muda wote, kana kwamba hakuna tatizo. Amri ya `/mspt` (milisekunde kwa tiki) ndiyo iliyosema kweli, kwa kuwa inaonyesha pia tiki iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Tiki nyingi zilimalizika kwa milisekunde 20 hivi, halafu ghafla moja inachukua 300. Seva hukimbiza tiki zilizochelewa ikazifikia, wastani ukarudi pazuri, lakini mchezaji ameshaliona jiwe likirudi. Toka hapo nikaacha kuhangaika na kasi ya jumla, nikaanza kuwinda tiki ndefu.

Windo la kwanza lilikuwa kwenye kasi ya prosesa. Amri hii:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor`

ilinijibu `schedutil`. Hiyo ni modi inayopandisha na kushusha kasi ya kiini kufuatana na kazi inayoonekana, na kwa mashine nyingi ni modi nzuri kabisa. Kwa seva ya mchezo ina kasoro moja. Uzi mkuu unafanya kazi milisekunde 20, unalala 30, unaamka tena. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux wenyewe, inauona umelala zaidi ya nusu ya muda, inaona hakuna haja ya kasi kubwa, inaishusha. Kisha linatokea jambo zito, labda mchezaji anaruka kuingia eneo ambalo halijawahi kutengenezwa, na tiki hiyo inaanza wakati kiini bado kiko chini. Niliweka kifurushi cha `linux-cpupower` na kuendesha `cpupower frequency-set -g performance`, modi inayokiacha kiini kwenye kasi kubwa muda wote. Umeme unaotumika huongezeka kidogo na feni husikika zaidi. Tiki ndefu za aina hiyo zilipungua mara moja. Kama seva yako ni ya kukodi na ni sehemu tu ya mashine kubwa, huenda huna ruhusa ya kugusa modi hii. Huko angalia namba ya `st` kwenye `top`. Ikipanda, jirani zako wanakula muda wa prosesa yako, na hakuna mpangilio wa ndani utakaokuokoa.

Sasa ile RAM. Java, programu inayoiendesha seva, ilikuwa imepewa `-Xmx14G`, yaani kikomo cha GB 14 kati ya 16. Watu wengi hudhani ukiipa nyingi ndivyo itakavyopumua, lakini Java hutumia kumbukumbu nyingine nje ya kiasi hicho, na kerneli nayo inahitaji nafasi ya kuhifadhi faili za ramani zinazosomwa mara kwa mara. Nilikaa na `vmstat 1` nikiangalia safu za `si` na `so`, zinazoonyesha kumbukumbu inayorudishwa kutoka swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) na inayopelekwa huko, na kila baada ya muda `si` iliruka kutoka sifuri hadi maelfu. Ukurasa wa kumbukumbu ulikuwa umesukumwa kwenye swapu, na Java ilipoanza kukusanya taka, yaani kuondoa data isiyotumika tena, ikalazimika kuurudisha kutoka diskini huku mchezo mzima umesimama ukisubiri. Nilishusha hadi GB 8, nikaweka `-Xms` (kiasi cha kuanzia) na `-Xmx` sawasawa, nikaongeza `-XX:+AlwaysPreTouch` ili kumbukumbu yote ishikwe wakati wa kuwaka. Na `vm.swappiness`, inayoamua kerneli iwe nyepesi kiasi gani kutumia swapu, nikaitoa kwenye 60, ambayo ni chaguo-msingi, hadi 10. Yaani dawa ilikuwa kupunguza kile nilichoshauriwa niongeze!

Iliyonisumbua zaidi ni kazi ya nakala rudufu. Ilikuwa ikiendeshwa na cron, programu ya kuanzisha kazi kwa ratiba, ikibana folda nzima ya dunia kwa `tar`, na kila ilipoanza, tiki zilirefuka. Wengi wangeongeza `ionice`, amri ya kushusha kipaumbele cha kazi kwenye diski, wakaishia hapo, lakini `ionice` haifui dafu pale kipanga foleni cha diski kinapokuwa `none`, na diski za kasi za NVMe nyingi huwa hivyo. Thibitisha kwenye `/sys/block/nvme0n1/queue/scheduler`. Nikaihamishia kazi hiyo kwenye systemd, mfumo wa Linux unaosimamia huduma, nikaipa `AllowedCPUs=6-7` isiguse viini vingine, na `IOReadBandwidthMax` ili isisome diski kwa pupa. Kabla ya kunakili, inatuma kwa seva `save-off` na `save-all flush`, yaani acha kuandika yenyewe na hifadhi yote sasa, ikimaliza inatuma `save-on`. Bila hivyo unaweza kunakili faili ikiwa nusu imeandikwa, na utaligundua siku unapoihitaji nakala hiyo.

Nakala hiyo hupelekwa pia kwenye mashine nyingine, na hapo mtandao nao ukaingia kwenye hesabu. Ilipokuwa inapandishwa, pingi ya wachezaji, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, ilitoka milisekunde 40 ikapita 300, kwani pakiti ndogo za mchezo zilisubiri nyuma ya mzigo wa faili. Orodha ndefu za mipangilio ya kerneli (`sysctl`) zinazozunguka mitandaoni, za kupanua bafa za TCP, hazikuhusika hapa. Zinafaa kwa anayehamisha faili kubwa umbali mrefu. Mimi nilitumia `cake`, kipanga foleni cha mtandao, iliyomo kwenye kerneli tangu 4.19 ya mwaka 2018:

`tc qdisc replace dev eth0 root cake bandwidth 18mbit`

Laini yangu hupandisha Mbit 20. Ukiweka kidogo chini ya uwezo halisi, foleni inajengeka kwako, ambako `cake` inaipanga, badala ya kujengeka kwenye modemu.

Seva yenyewe inaendeshwa na mtumiaji asiye root, chini ya systemd, ikiwa na `Nice=-5` ili ipate kipaumbele kidogo kwenye prosesa. Weka pia `SuccessExitStatus=143`, kwa kuwa Java hutoa namba hiyo inapoamriwa kusimama, la sivyo kila ukiizima kwa utaratibu systemd itaandika kwamba imefeli.

Mwisho nikagusa mchezo wenyewe: `view-distance`, umbali ambao mchezaji anaona, kutoka 10 hadi 8, na `simulation-distance`, umbali ambao vitu vinaendelea kutembea na kukua, hadi 6. Hakuna mchezaji aliyelalamika. Sasa tiki ndefu kuliko zote, wachezaji wakiwa wamejaa, hukaa chini ya milisekunde 50. Kilichobaki ni kukumbuka kwamba amri ya `cpupower` na ile ya `tc` hazidumu mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo zote mbili nimeziandikia huduma ndogo ya systemd inayoziendesha kabla ya seva kuwaka, na kila baada ya kusasisha kerneli nasoma tena `scaling_governor` kuhakikisha imeandika `performance`.