Imepanda, Nawe Waniongezea?

Mama mdogo alikuja Jumanne (mnamjua, yule wa kaimati) na karatasi ya maabara. TSH, homoni inayopimwa kuijua hali ya tezi ya shingo, ni 14, na mwisho wa kawaida ni 4 hivi. Akaishika mbali na macho, akasoma, akaniuliza: "Imepanda, nawe wataka kuniongezea dawa?" Nami nikacheka. Harusi ya Swafiya imekuja na kupita, watu jahazi zima kutoka Faza, lakini kichwani mwangu mna hicho kicheko tu.

Swali lake lilikuwa na haki. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo, yaani thairoidi. Hutolewa na pituitari, kijitezi kinachoning'inia chini ya ubongo, kadiri ya punje ya mbaazi, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi itoe thairoksini, homoni inayouendesha mwili. Ni kama kumwamsha mtu ale daku: akiitika, unanyamaza, akikoroma, unapaza sauti mpaka jirani aamke. TSH ikipanda, jua thairoidi imelala. Ndio ule uchovu, choo kigumu, na kuona baridi kwenye joto hili.

Ningemwambia hivyo. Nilicheka.

Jana nikaenda Langoni kumtaka radhi. Nikamkuta na mahamri, birika la chai ya maziwa, na kwenye kisahani kile kidonge cheupe cha thairoksini, cha mikrogramu 50, kimelala ubavuni mwa chekundu cha chuma, cha kuongeza damu.

"Wavimeza pamoja?"

"Na chai. Kwani vina ugomvi?"

Vinao! Chuma, na kalsiamu ya maziwa, huishika thairoksini tumboni, nyingi ikapita bila kuingia kwenye damu. Mwaka mzima hakosi siku, nami sikuwahi kumuuliza anameza na nini. Nilikuwa nishamwandikia mikrogramu 75. Angeongezewa, kisha maziwa yamwishie wiki mbili tatu, moyo ungemwenda mbio na mikono ikamtetemeka.

Basi tumebaki na 50 ile ile: maji matupu baada ya Alfajiri, chai baada ya saa nzima, chekundu kingoje Adhuhuri. Ramadhani atameza usiku wa kulala, masaa matatu baada ya kula. Kipimo tena wiki ya 6 hadi ya 8, si kabla. Thairoksini huchukua siku 7 hivi kupungua nusu, na pituitari haiachi kelele zake upesi.

Akanikatia hamri, la moto, akanisogezea mbaazi. Nikala matatu.