Kabla Hujanunua Kopo la Rangi: Kufufua Samani Kuukuu kwa Bajeti Ndogo

Samani kuukuu ikianza kuchusha macho, wengi hukimbilia duka la rangi, na hapo ndipo bajeti inapoanza kuvuja. Rangi ikipakwa juu ya mafuta ya mikono hubanduka. Ikipakwa juu ya kiungo kinachocheza hupasuka palepale kwenye maungio, na kazi inaanza upya. Utaratibu ninaoushikilia ni huu: osha, kaza, kisha iangalie tena. Samani nyingi zikishapita hatua hizo mbili hazihitaji rangi kabisa, au zinahitaji vanishi kidogo tu sehemu za juu.

Kuosha si kumwagia maji. Chukua maji ya vuguvugu lita moja, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko kimoja cha chai, na kitambaa kilichokamuliwa hadi hakichuruziki. Uchafu sugu hukaa sehemu zilezile kila mara: juu ya migongo ya viti, kwenye mikono ya makochi, na pembeni mwa vishikio vya droo. Ule weusi unaonata si rangi ya mbao, ni mafuta ya ngozi na vumbi. Ukimaliza, suuza kwa kitambaa chenye maji matupu, kwa sababu mabaki ya sabuni nayo huzuia rangi kushika. Kama samani ilikuwa ikipigwa nta, pitisha kitambaa chenye tapentaini mara mbili, kila mara ukigeuza upande safi. Usipogeuza unahamisha nta tu kutoka hapa kwenda pale.

Zile duara nyeupe za vikombe zisikutishe. Mara nyingi ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, haujafika kwenye mbao. Paka mafuta mazito ya mgando ya kujipaka, yaache usiku kucha, futa asubuhi. Duara nyeusi ni habari nyingine: maji yameshaingia kwenye mbao yenyewe, na kufuta hakusaidii. Meza ya namna hiyo ndiyo inayostahili kupakwa rangi.

Kukaza

Kiti kinachoyumba kikipigwa msumari kinatulia mwezi mmoja, kisha kinarudi kuwa kibovu kuliko kilivyokuwa. Msumari hupasua ulimi wa kiungo, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine, na kila mtu anapokaa unapanua tundu lake. Isitoshe, atakayekuja kukirekebisha vizuri baadaye hawezi tena kukifungua bila kuvunja mbao. Gundi ya mbao ni bei rahisi na hufanya kazi bora zaidi, mradi kiungo kifunguliwe.

Pindua kiti, shika miguu miwili, itikise polepole na uangalie ni kiungo kipi kinachofunguka. Kigonge kitoke kwa nyundo, ukiweka kipande cha mbao kilichoviringishwa kitambaa katikati ili usiache makovu. Halafu kwangua gundi yote ya zamani, kwenye ulimi na ndani ya tundu. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Gundi ya mbao hushika kwa kupenya kwenye nyuzi za mbao, na gundi kavu ya zamani imeshaziba nyuzi hizo, kwa hiyo ukiongeza nyingine juu yake inashikana na ganda tu. Gundi ya kahawia ya kale hulainika kwa maji ya moto. Ile nyeupe ya kawaida hulainika kwa siki iliyopashwa moto. Ukishaondoa, acha mbao ikauke.

Ulimi ukiwa umelegea ndani ya tundu, usitegemee gundi kujaza nafasi. Gundi nene ikikauka husinyaa na kuacha uwazi. Viringisha ganda jembamba la mbao lililotolewa kwa randa na kulowekwa gundi kwenye ulimi mpaka uingie kwa kusukuma. Paka gundi pande zote mbili, unganisha, kisha zungusha kamba mara mbili kwenye miguu, ingiza kijiti katikati ya kamba na ukisokote mpaka vitone vidogo vya gundi vitokeze kwenye maungio. Vitone hivyo ndivyo vinavyokuambia gundi imeenea. Vifute hapohapo kwa kitambaa chenye maji, maana vikikauka vitaacha doa lililopauka ambalo vanishi haiwezi kuingia. Kabla gundi haijashika, simamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa uone kama miguu yote minne inagusa chini. Kiache saa 24 bila mtu kukikalia.

Skrubu ya bawaba isiyoshika tena haihitaji skrubu nene zaidi. Jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizoondolewa vichwa na kuchovywa gundi, acha zikauke, kata kilichobaki nje, rudisha skrubu ileile. Droo inayokwama sugua mshumaa kwenye reli zake na kingo za chini. Ikiwa bado inakwama, tafuta sehemu iliyong'aa kwa kusuguana na uipige msasa hapo tu.

Ukiona vitundu vidogo vya mviringo, gonga mbao juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya, wenye rangi ya mbao mbichi, ukianguka, wadudu bado wamo ndani na dawa inatangulia kila kitu. Kama hakuna unga, ziba vitundu na uendelee.

Msasa, na kinachotakiwa kuondolewa

Kabla ya kupiga msasa, jua kilichopakwa juu. Sehemu iliyofichika, weka tone la spiriti na usubiri dakika moja. Ikianza kunata, hiyo ni polishi ya shelaki. Inaondoka kwa spiriti na kitambaa, bila kutoa jasho. Spiriti isipofanya kitu, jaribu tone la thina ya rangi za magari: lakari ya selulosi, mpako unaong'aa na kukauka haraka, huyeyuka nayo. Ikikunjamana na kuvimba badala ya kuyeyuka, ni vanishi au rangi ya mafuta.

Kwa rangi mpya juu ya rangi ya zamani iliyoshika imara, huna haja ya kufika kwenye mbao. Unachotaka ni kuua mng'aro tu, na msasa namba 180 unatosha (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi). Mbao ikiwa tupu, anza na 120, maliza na 180. Kama utapaka vanishi isiyo na rangi, ongeza 220. Usiruke kutoka 80 hadi 220 ukidhani unaokoa muda: mikwaruzo ya 80 itabaki, huioni ikiwa kavu, inajitokeza yote vanishi ikilowa. Viringisha msasa kwenye kipande cha mbao bapa, nenda kwa mkondo wa nyuzi. Kuvuka nyuzi huacha mistari isiyofichika.

Angalizo mbili hapa. Rangi iliyopakwa miongo mingi iliyopita huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa, futa kila kitu kwa kitambaa kibichi. La pili ni vinia, lile ganda jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao duni. Mara nyingi unene wake haufiki milimita moja, na namba 80 hulimaliza kwa dakika chache. Tazama ukingo wa meza: nyuzi za juu zikikatika ghafla pembeni bila kuendelea ubavuni, hiyo ni vinia, tumia 180 kwa mkono mwepesi. Ikiwa imevimba mahali, chana kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa ncha ya kisu, funika kwa karatasi isiyonata na uweke uzito bapa mpaka kesho yake.

Mashimo ziba kwa puti, au kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi. Mchanganyiko huo ni mzuri chini ya rangi, lakini chini ya vanishi huonekana kama kovu jeusi.

Rangi kiasi gani

Lita moja hufunika takribani mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja. Kabati la droo lenye upana wa sentimita 80, kina 45 na kimo 90 lina eneo la mita za mraba kama 2 tu, juu, mbele na mbavu zote mbili. Koti mbili ni mita 4. Maana yake kopo la nusu lita linakutosha na linabaki. Watu hununua lita nne kwa sababu bei kwa lita ni nafuu, kisha zaidi ya lita tatu zinaganda stoo.

Rangi ya maji ya ukutani haifai peke yake kwenye samani. Ni laini, hushika uchafu, na vitu vilivyowekwa juu yake hunatana nayo: unainua kitabu, rangi inakuja nacho. Chukua rangi ya mafuta, au rangi ya maji iliyotengenezwa mahususi kwa mbao na chuma. Chini yake weka undakoti, yaani rangi ya msingi inayosaidia rangi ya juu kushika. Mbao nyekundu kama mkangazi zina tabia ya kutoa utomvu wa kahawia unaopenya rangi nyeupe ya maji na kuacha madoa, na ukiongeza koti juu yanatokea tena. Dawa yake ni koti moja ya shelaki kabla ya undakoti.

Koti nyembamba tatu zinaishinda koti nene moja kila siku. Koti nene hukauka juu ikabaki mbichi chini, halafu hukunjamana au kutiririka kwenye kona. Rangi ya mafuta ipe saa 16 hadi 24 kati ya koti, ya maji saa 2 hadi 4, na katikati pitisha msasa 320 kidogo tu kuondoa vumbi lililonata. Usipulizie rangi zenye thina ya selulosi juu ya rangi ya mafuta. Zitaiamsha na kuifanya ivimbe kama ngozi iliyoungua. Na kukauka si kukomaa: unaweza kuigusa kesho, lakini vyombo vya moto na vitu vizito visubiri wiki mbili hadi nne.

Vanishi usiitikise kopo, ikoroge polepole, la sivyo utapaka mapovu. Koti ya kwanza ya vanishi ya mafuta izimue kwa tapentaini kama asilimia 10 iingie kwenye mbao. Juu ya rangi nyeupe usiweke vanishi ya mafuta, itageuka manjano. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunjekunje na kuyatupa kwenye ndoo: yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye maji.

Viti vya kulia chakula

Hapa ndipo pesa kidogo huonekana zaidi. Pima hivi: kiti cha sentimita 45 kwa 45 chenye sponji ya sentimita 5 kinataka kitambaa cha 65 kwa 65, yaani sponji pande mbili na sentimita 5 za kukunjia kila upande. Kitambaa chenye upana wa sentimita 140 kinatoa vipande viwili kwa mstari, hivyo viti vinne vinahitaji mita 1.3 na viti sita mita 2. Kikiwa na maua makubwa au mistari ongeza, kwa sababu lazima michoro yote iangalie upande mmoja.

Bonyeza sponji ya zamani kwa ngumi. Ukiugusa ubao, imekufa. Ng'oa kitambaa cha zamani chote, usifunike juu yake. Kama kiti ni cha kutumbukiza ndani ya fremu, nafasi pembeni ni ya milimita chache tu, na vitambaa viwili vikipandana hakirudi, au kinarudi kwa kupigwa na kupasua fremu. Piga pini za stepla za milimita 8 kuanzia katikati ya kila upande, mbele, nyuma, kushoto, kulia, ndipo uelekee kwenye kona. Ukianzia kona, kitambaa kinavutika vibaya na mistari inapinda. Kwenye kona yenyewe vuta ncha kuelekea katikati, pini moja, kisha kunja mabawa mawili juu yake.

Samani za chipubodi, yaani mbao za chembechembe zilizogandamizwa kwa gundi, zina mipaka yake. Ukingo uliolowa ukavimba haurudi hata ukaushwe vipi. Ukate au uufunike kwa kipande cha mbao. Ikiwa chipubodi imevimba mguuni, pale inapobeba uzito, mimi siigusi. Toa bawaba, vishikio na skrubu uziweke akiba.

Vishikio vipya ukinunua, pima kwanza umbali kati ya katikati ya tundu moja na jingine. Vingi vya sasa ni milimita 64, 96 au 128, na vya zamani mara nyingi havilingani na hizo. Kuziba na kutoboa upya ni kabla ya rangi, si baada yake. Rangi iliyobaki mimina kwenye chupa ndogo ijae hadi juu, kwa kuwa hewa ndiyo inayoigandisha, na uandike namba ya rangi kwenye kifuniko.