Siku 28, na barua iliyosema nitarudi

Barua yenyewe ilikuwa na mistari sita. Ilisema nimeajiriwa na kampuni tangu mwaka 2018, cheo changu ni msimamizi wa ghala, mshahara wangu ni kiasi fulani, kampuni haina pingamizi na safari yangu ya Uingereza, ninakwenda mapumziko ya mwaka, na likizo ikiisha nitarejea kazini. Muhuri wa bluu, saini, kila kitu mahali pake. Nikamwambia yule kaka wa ofisi ya utumishi, "Lakini mimi siendi mapumziko." Akaniangalia kama nimemwomba abadilishe msahafu. "Barua ya ubalozi ndiyo hiyo," akasema. "Tunawapa wote hiyo hiyo."

Nilichoomba kilikuwa cheti cha mshahara tu, ili afisa wa viza akiona fedha kwenye akaunti yangu ajue zimetoka kwenye jasho langu. Sikutaka kusema zaidi ya hapo, kwa sababu nilikuwa bado sijaacha kazi na wala sikuwa na uhakika nitaiacha lini. Dubai ukiomba barua iliyoandikwa kwa ubalozi, kabla ya saa ya chakula ghala zima limeshajua. Sasa ningeipeleka barua inayosema narudi kazini baada ya wiki nne, huku fomu yangu inasema nakwenda kusoma shahada ya uzamili ya ununuzi na ugavi kwa mwaka mzima? Hata mimi ningeninyima viza. Niliikunja nikaiweka kwenye begi, na haijawahi kutoka humo. Taarifa za benki zenye mshahara unaoingia kila mwezi kutoka kwa mwajiri yule yule zilitosha.

Naandika haya kwa sababu wengi mnaoniuliza kuhusu viza ya kusoma Uingereza mnafanya kazi ugenini kama nilivyokuwa mimi Dubai, na maelekezo mengi mnayoyasoma yameandikwa kwa kijana anayetoka kwa wazazi wake kwenda chuo. Mtu mwenye maisha katika nchi ya pili anayeomba kwenda ya tatu anapata maswali mengine kabisa.

Chukua suala la kifua kikuu. Wakala mmoja aliniambia lazima nirudi nyumbani nikapimwe kwenye kliniki iliyoidhinishwa, maana nchi ya pasipoti yangu imo kwenye orodha ya Uingereza. Nusura nikate tiketi. Jioni nikakaa nikasoma kanuni mwenyewe: kinachotazamwa ni mahali ulipoishi, si pasipoti. Kama umeishi angalau miezi sita katika nchi isiyo kwenye orodha, na hujaondoka huko kwa zaidi ya miezi sita, hupimwi. Falme za Kiarabu haimo kwenye orodha. Mimi nilikuwa nimekaa miaka sita na kwenda likizo za mwezi mmoja mmoja. Tiketi nikaiacha, na wakala nikamwacha siku hiyo hiyo.

Lakini upande wa fedha mambo yanageuka, huko ni pasipoti inayozungumza. Kuna orodha ya mataifa ambayo raia wake hawalazimiki kupakia taarifa za benki wanapoomba, wanaonyesha wakiulizwa tu. Emirati wamo. Mimi ninayeishi nchini mwao, nalipwa kwa dirhamu zao, simo. Sikulalamika, nilicheka kidogo.

Fomu inataka anwani ya unapoishi. Mimi nilikuwa naishi nyumba ya kampuni mtaa wa Al Quoz, chumba cha watu wanne, na barua zetu zote zilikuwa zinakuja kwa sanduku la posta la kampuni. Niliandika jina la jengo, mtaa, namba ya chumba, nikatumaini mema. Wanataka pia safari zako za miaka ya nyuma, na hapo ndipo milango ya kielektroniki ya uwanja wa ndege iliponiadhibu: unapita, inakutazama uso, haigongi muhuri. Pasipoti yangu ilikuwa nyeupe kama ya mtu asiyetoka nje. Tarehe zote nilizitoa kwenye tiketi za zamani kwenye barua pepe, moja baada ya nyingine, usiku, chini ya shuka ili taa ya simu isiwaamshe wenzangu wa zamu ya asubuhi.

Sasa siku 28. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka ule wa 2024, anayekwenda kusoma nje ya London alitakiwa awe na paundi 1,023 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi tisa. Yaani paundi 9,207. (Viwango vimeshapanda tangu Januari 2025, usitumie vyangu.) Ada ya chuo nilikuwa nimeimaliza yote, kwa hiyo nilichodaiwa kuonyesha ni hicho tu. Fedha hiyo lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 unapoomba.

Wazo langu la kwanza, la kijinga, lilikuwa kiinua mgongo. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inakupa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Miaka yangu sita ilikuwa siku 135. Mshahara wangu kwa jumla ulikuwa dirhamu 6,500, ila wa msingi ni 2,800 tu, nyingine ni posho, na kiinua mgongo hakijui posho. Nikapiga hesabu: 12,600. Fedha nzuri. Tatizo ni kwamba unalipwa ukishaondoka kazini, mwajiri akiwa na siku 14 za kukukamilishia, na afisa wa viza anataka kuiona imekaa mwezi mzima kabla hujaomba. Ili kiinua mgongo kihesabike, ingebidi niache kazi nikiwa sina viza na nikae nchini bila kazi nikikitazama kinavyokaa. Nikakifuta kwenye karatasi.

Kaka yangu akajitolea: atanipa taarifa ya benki yake. Ya kaka haikubaliki. Wazazi sawa, kwa cheti cha kuzaliwa na barua yao ya ridhaa, lakini ndugu hapana. Angeweza kunikopesha nikaziweka kwangu, na siku 28 zikaanza kuhesabiwa upya tangu hapo. Muda huo sikuwa nao.

Basi nikakusanya akiba yangu. Tarehe 24 Julai paundi ilikuwa kama dirhamu 4.74. Zidisha mara 9,207, unapata 43,641. Nikaacha 44,000 kwenye akaunti, nikajiona mjanja: nimejiwekea ziada ya zaidi ya mia tatu. Mshahara ukiingia nautoa kwenda akaunti nyingine, hizi hazigusiki. Wiki ya pili ya Agosti paundi ikashuka, nikafurahi kama mfanyabiashara. Kisha ikaanza kupanda. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, haitikisiki, kwa hiyo dola ikiteleza mbele ya paundi sisi wa dirhamu tunateleza nayo. Tarehe 20 Agosti siku zangu 28 zikatimia. Tarehe 22 nikafungua kompyuta ya duka la simu niombe, nikaangalia kiwango kwanza: 4.80. Zidisha. 44,193.

Nilipungukiwa na dirhamu 193.

Na huwezi kuziongeza siku hiyo ukasema zimetimia, kwa sababu wanabadilisha kwa kiwango cha siku unayoomba, kisha wanaangalia kama katika siku zote 28 hukushuka chini yake. Ningeongeza hata elfu kumi, siku 28 zingeanza upya, hadi katikati ya Septemba. Chuo kilikuwa kinafungua tarehe 23 Septemba, na siku ya mwisho ya kuripoti ilikuwa 7 Oktoba.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa kitanda cha juu. Si kwa ushauri, kwa kadi yake ya benki. Kanuni inaruhusu ukilipia malazi ya chuo mapema, kiasi hicho kipunguzwe kwenye fedha unayodaiwa kuonyesha, mwaka ule mwisho ukiwa paundi 1,334. Nilikuwa nimeshapewa chumba hosteli ya chuo ila nilipanga kulipa nikifika. Akanilipia paundi 600 usiku ule ule, bila kuniandikisha popote. Nikawaandikia chuo waingize malipo hayo kwenye CAS, ule uthibitisho wanaokutolea na ambao ofisi ya viza inausoma moja kwa moja. Wakajibu baada ya siku mbili za kazi. Sasa nilidaiwa 8,607. Tarehe 27 naomba, paundi ilikuwa imefika karibu 4.85, na bado nilikuwa na ziada ya dirhamu zaidi ya elfu mbili. Ningejua, ningelipia malazi tangu Julai nikalala usingizi.

Mwaka ule ada ya viza ilikuwa paundi 490. Ada ya huduma za afya 776 kwa mwaka, lakini viza ya kozi ya miezi 12 inakuja na mwezi mmoja mbele na minne nyuma, na ile miezi ya ziada inahesabiwa nusu mwaka: jumla 1,164. Inalipwa papo hapo, yote. Wengi hii ndiyo inayowapiga, wanajiandaa kwa ada ya viza tu.

Binti yangu sikumwandikia fomu. Kuanzia Januari 2024 anayesomea uzamili wa darasani haruhusiwi kumchukua mtoto wala mwenzi, isipokuwa wa utafiti na wachache wanaodhaminiwa na serikali. Alipouliza kama kule nitamchukua nilimwambia hapana, akasema, "Kwa hiyo ni kama Dubai tu." Ndiyo, mama, kama Dubai tu.

Baada ya kutoa alama za vidole ikabaki kazi. Ukiomba viza unasubiri kama wiki tatu. Notisi yangu ilikuwa siku 30. Nikisubiri jibu ndipo niandike barua, nitamaliza notisi baada ya chuo kufunga mlango. Nikiandika sasa na viza ikikataliwa, sina kazi, kibali cha ukaazi kinafutwa, na natakiwa niondoke nchini. Nimesoma watu wakishauri "usiache kazi kabla ya viza". Ushauri mzuri, kwa mwenye notisi ya wiki mbili. Tarehe 1 Septemba niliandika barua ya kuacha kazi. Mkono haukutetemeka, tumbo ndilo lililotetemeka.

Ofisi ya viza ilinihoji kwa video wiki iliyofuata. Mwanamke mpole, anaandika kila neno, kwa hiyo kuna ukimya mrefu baada ya kila jibu na unatamani kuujaza. Usiujaze. Aliuliza kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, nani amelipa. Kisha akauliza nililolitarajia: una kazi, una umri wa miaka 34, kwa nini uiache? Nilikuwa nimekariri jibu kuhusu ndoto na maendeleo ya taaluma. Lilipotea. Nikamwambia ukweli: kwa miaka minne nimefundisha mabosi wangu watatu jinsi ghala lile linavyofanya kazi, na kila tangazo la nafasi yao lilidai shahada ya uzamili. Akaandika. Akanyamaza. Akauliza, baada ya masomo utarudi wapi? Nikasema nyumbani, bandarini, kuna kazi ya kufanya huko. Nilikuwa naamini ninachosema, ingawa nilipokuja Dubai pia nilisema miaka miwili.

Viza ilitoka tarehe 17 Septemba. Stika ya siku 90 ya kuingilia, na kadi ya ukaazi ningeichukua nikifika. Kadi hiyo iliandikwa inaisha 31 Desemba 2024, ijapokuwa ruhusa yangu ilikuwa hadi Januari 2026. Msishtuke mkiona za wakati ule, walikuwa wanazihamishia kwenye mfumo wa mtandaoni. Mimi nilishtuka vya kutosha kwa niaba yenu wote.

Siku ya mwisho nilikwenda utumishi kusaini fomu ya kuondoka. Kaka yule yule. Kwenye mfumo wao kulikuwa na sehemu ya sababu: mkataba umeisha, amepata mwajiri mwingine, ameachishwa, anarudi kwao. Nikamwambia nakwenda kusoma Uingereza. Akapandisha orodha, akaishusha, akaipandisha tena. "Nitaweka unarudi kwenu," akasema, "ndiyo inayokaribia." Nikasaini. Kwenye begi bado nilikuwa na barua yake inayosema nitarejea kazini likizo ikiisha.