Buti za Mwezi wa Juni

Juni 1942 kulikuwa na joto mjini Bielsko, Poland, lakini baba yake Gerda Weissmann alishikilia kwamba binti yake avae buti zake nzito za kutelezea thelujini. Gerda, msichana Myahudi aliyekuwa na miaka 18, hakuelewa sababu, ila alimtii. Siku chache baadaye Wanazi, watawala wa Ujerumani waliokuwa wakiwaangamiza Wayahudi, walimtenganisha na baba yake, kisha na mama yake. Wazazi wote wawili waliuawa, na kaka yake Artur naye hakurudi.

Kwa miaka iliyofuata alifanyishwa kazi katika viwanda vya nguo ndani ya kambi, huku picha za familia yake akizificha ndani ya buti hizo. Mimi ni mzazi, na kila nikimfikiria baba yule, asiyekuwa na kingine cha kumkinga mwanawe ila viatu, machozi hunilengalenga.

Januari 1945, jeshi la Kisovyeti lilipokaribia, Gerda na wanawake wenzake waliswagwa kwa miguu kutoka kambi ya Grünberg, safari ya zaidi ya kilomita 500 katikati ya theluji. Wengine walikuwa na viatu vya mbao au ndara, na miguu yao iliganda kwa baridi. Waliokufa kwa njaa, maradhi na risasi ni wengi mno, akiwemo rafiki yake kipenzi Ilse, yule ambaye siku moja kambini aliokota tunda moja dogo la rasiberi, akalitunza mfukoni mchana kutwa, na jioni akampa Gerda likiwa juu ya jani.

Mwezi Mei, huko Volary, Chekoslovakia, alipofika mwanajeshi wa Marekani, Gerda alikuwa na uzito wa kilo 31 hivi na nywele zake zimegeuka nyeupe. Alimweleza kwamba wao ni Wayahudi. Yule kijana, Kurt Klein, alinyamaza kitambo, kisha akajibu kuwa hata yeye ni Myahudi. Halafu akamfungulia mlango na kumtanguliza apite. Gerda alisema baadaye kwamba kitendo hicho ndicho kilichomrudishia utu wake.

Walioana mjini Paris mwaka 1946, wakahamia Buffalo, jimboni New York, wakapata watoto watatu. Mwaka 1996, jukwaani kwenye tuzo za Oscar, ambako filamu fupi kuhusu maisha yake ilishinda, aliwakumbuka wenzake ambao hawakupata kuishi hata waonje utamu wa jioni moja ya kawaida nyumbani.