Kosa la jaji halikutosha kumtoa mdogo wangu

Nauza dagaa Kirumba Mwaloni, hapa Mwanza, na sheria sikuisomea. Niliingia kwenye mambo ya rufaa kwa sababu mdogo wangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, alihukumiwa mwaka 2018 kunyongwa hadi kufa kwa mauaji yaliyotokea usiku kwenye mwalo mmoja wa kisiwani. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia adhabu ni hiyo moja. Jaji hana pa kupunguza.

Siku ile ndugu walilia nje ya mahakama, mimi nikamfuata wakili aliyekuwa amepangiwa na serikali kumtetea. Hakunipa pole nyingi. Alinipa hesabu: taarifa ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani iingie ndani ya siku 30. Mdogo wangu akaijaza gerezani na kuweka dole gumba mbele ya ofisa wa gereza, kwa hiyo hapo hatukuteleza. Kilichotutesa ni kusubiri mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, uchapwe. Ulipotoka, ulikuwa Kiingereza kitupu, ingawa mashahidi wote walikuwa wamesema Kiswahili. (Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilikuja 2021, sisi tumeshahangaika.)

Jirani yangu ana kijana aliyekuwa anasoma sheria SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kule Malimbe. Akawa anakuja jioni, yeye anasoma na kutafsiri, mimi nachambua dagaa na kusikiliza. Alipofika kwenye maneno ya jaji kwa wazee wa baraza akaruka kwenye kigoda. "Mama, hapa tumeshinda!"

Nieleze kidogo. Kwetu hakuna wale watu 12 wa Marekani na Uingereza wanaoamua wenyewe kama mtu ana hatia. Tulikuwa na wazee wa baraza. Wanakaa na jaji, wanasikiliza ushahidi, mwishoni jaji anawafupishia kesi na kuwafafanulia mambo ya sheria, nao kila mmoja anatoa maoni yake. Maoni hayamfungi jaji. Lakini akiwaachia gizani kwenye jambo la msingi, Mahakama ya Rufani ilikuwa inahesabu kwamba wazee hawakushiriki kweli, na kesi nzima inaharibika. Kwa mdogo wangu, jaji aliwasimulia ushahidi vizuri tu, ila hakuwaambia lolote kuhusu hatari ya kumtambua mtu usiku, wala kuhusu utetezi wake kwamba hakuwepo kisiwani.

Nikaenda kwa wakili wa rufaa, mzee mmoja wa Kisukuma, nikiwa nimebeba furaha ya yule kijana. Akaivua miwani. "Mayu, tukishinda kwa hilo peke yake, anarudi kizimbani kuanza upya."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba mwenendo ukifutwa, mara nyingi kesi inaamriwa isikilizwe tena mbele ya jaji mwingine na wazee wengine. Mtu amekaa ndani miaka, ameshinda rufaa, na bado yuko mahabusu. Mlango wa kutokea upo kwenye shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966: kesi hairudishwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. "Kosa la jaji litafungua mlango," akasema, "lakini mapengo ndiyo yatakayomtoa. Kayatafute."

Tukaanza upya ukurasa wa kwanza. Shahidi wa pili alidai alimwona mdogo wangu kwa mwanga wa karabai. Ikiwa mbali kiasi gani? Mwanga mkali au hafifu? Alimtazama kwa muda gani? Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema. Tangu shauri la Waziri Amani la 1980, mahakama zinataka maswali hayo yajibiwe kabla ya kumtia mtu hatiani kwa kutambuliwa. Tena shahidi huyohuyo alikutana na mwenyekiti wa kitongoji usiku uleule asitaje jina. Alilitaja siku ya tatu.

Pengo jingine nililiona mimi mwenyewe, na hadi leo najivunia. Shahidi wa pili aliongeza kwamba mbalamwezi ilikuwa inawaka kama mchana. Shahidi wa nne akasema walikuwa ndiyo wanarudi kuvua dagaa. Nikacheka peke yangu! Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti na wavuvi wanapumzika. Wakili wangu alikuwa hajui. Yeye ni mtu wa sato.

Halafu yale maelezo ya onyo ya polisi, yaani anayoandikwa mshtakiwa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Yalipokelewa kama kielelezo, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba yalisomwa mahakamani. Tangu 2003, kwenye shauri la Robinson Mwanjisi, inajulikana kwamba hati ikishapokelewa lazima isomwe. Wazee wa baraza walitoa maoni ya hatia kwa karatasi ambayo hawakuwahi kusikia imeandikwa nini.

Wakili akaingiza sababu za nyongeza. Mahakama ya Rufani ilipokuja kwenye vikao vyake Mwanza, majaji watatu wakakaa. Wakili wa serikali akakubali kosa la wazee wa baraza haraka mno, akaomba kesi isikilizwe upya. Ndipo nilipoelewa kwa nini yule mzee aliivua miwani. Akasimama, akataja kosa kwa dakika chache, kisha akatumia muda wake wote kwenye karabai, jina la siku ya tatu na karatasi isiyosomwa. Mwezi aliugusa kwa sentensi mbili.

Hukumu ilisomwa siku kadhaa baadaye: mwenendo umefutwa, adhabu imetenguliwa, kesi hairudishwi, aachiwe isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Mwezi wangu haukupata hata mstari mmoja. Niliumia kidogo, nakiri.

Tangu marekebisho ya 2022 si lazima tena jaji akae na wazee wa baraza, kwa hiyo anayekata rufaa kwa kesi mpya huenda asilikute kabisa kosa lililotufungulia sisi mlango. Karabai na karatasi zisizosomwa zipo palepale.

Mdogo wangu yuko Igombe sasa, anashona nyavu. Kisiwani hajarudi. Mama wa marehemu huja Mwaloni na mzigo wake wa dagaa mara mojamoja. Aliyemuua mwanawe hajajulikana. Tunasalimiana, shikamoo yangu anaiitikia, kisha kila mtu anaangalia upande wake.